Mkanda wa taimingi haupigi hodi: Jua lini utaubadilisha

GARI huwa na lugha yake. Breki zikiisha zinalia. Tairi ikipungua upepo, usukani unavuta upande mmoja. Betri ikichoka, asubuhi injini inazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa saa tisa usiku. Hata presha ya oili ikishuka, kuna taa nyekundu ya kukuonya pale kwenye dashibodi.

Mkanda wa taimingi, au taimingi belti kama unavyoitwa gerejini, hauna lugha hiyo. Unazunguka kimya nyuma ya kifuniko cha plastiki mwaka nenda mwaka rudi, na madereva wengi hukumbuka kwamba upo siku ile unapokatika. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nyama yenyewe hapa ni injini yako.

Kwa kijana aliyenunua gari la kwanza kwa mkopo wa Sacco, au anayeendesha teksi ya apu na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye gari, hili si jambo la kuchezea. Injini ikienda, kazi imeenda. Mkopo nao haungoji.

Sasa utajuaje wakati umefika, ikiwa mkanda wenyewe hausemi? Jibu fupi ni hili: usiusikilize, soma rekodi. Hesabu kilomita, hesabu miaka, na utafute karatasi za aliyekuwa na gari kabla yako. Ikiwa rekodi hakuna, chukulia kwamba wakati umeshafika. Jibu refu linafuata.

Kazi ya mkanda huu

Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka zikizungusha chuma kinachoitwa kranki. Juu ya pistoni kuna valvu, yaani vijilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Valvu hizo hufunguliwa na chuma kingine, kamshafti. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti lazima izunguke mara moja kamili, bila kuchelewa wala kutangulia. Kinachoziunganisha mbili hizo ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, uliotiwa nyuzi ngumu za faibagilasi ili usinyooke.

Fikiria uko Thika Road, mwendo wa kawaida tu, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kranki inazunguka mara 50 kila sekunde, na kila valvu inafunguka na kufungwa mara 25 katika sekunde hiyo hiyo. Pistoni ikifika juu, valvu inafaa iwe imeshaondoka njiani.

Katika injini nyingi za kisasa, pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa zamu, kama matatu mbili zinazotumia steji moja. Zamu ikivurugika, zinagongana. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama papo hapo lakini kranki inaendelea kuzunguka kwa kasi iliyokuwa nayo. Pistoni inapanda na kukuta valvu bado iko wazi. Valvu zinapinda, na mambo yakizidi pistoni inatoboka au kichwa cha silinda kinaharibika. Yote haya hutokea kabla hujafikisha mguu kwenye breki.

Si kila injini iko hivyo. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE zina nafasi ya kutosha kati ya pistoni na valvu. Mkanda ukikatika, gari linazima tu, unafunga mpya na safari inaendelea. Lakini usijifariji na hadithi ya Corolla ya mjomba. Injini za dizeli karibu zote hugongana, kwa sababu nafasi iliyoachwa juu ya pistoni ni ndogo mno. Injini za Subaru za aina ya EJ25 pia zinajulikana kwa kupinda valvu.

Tena kuna hatari ya barabarani kwenyewe. Hebu fikiria injini inazima ukiwa katikati ya kupita trela kwenye barabara ya Nakuru. Usukani unakuwa mzito ghafla. Breki nazo hubakiwa na nguvu ya msaada ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Likikufika, washa taa za hatari, kanyaga breki mara moja kwa uthabiti bila kupampu, na uelekee kando ya barabara.

Kwanza, gari lako lina mkanda?

Hapa ndipo vijana wengi hupigwa. Unapeleka Vitz kwa fundi kwa sababu ya oili tu, na kabla hujaketi unaambiwa taimingi belti imechoka, leta pesa. Ukweli ni kwamba Vitz, Probox, Axio na Fielder za injini za NZ hazina mkanda huo kabisa. Zina cheni. Vivyo hivyo Nissan Note na Tiida, Honda Fit na Mazda Demio za miaka ya karibuni.

Cheni ni ya chuma na huogelea ndani ya oili ya injini. Kwa kawaida imekusudiwa kudumu muda wa injini yenyewe, mradi umwage oili kwa wakati. Ikianza kuchoka, husikika ikicheza kwa mlio wa chuma, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Kwa hivyo mwenye cheni ana kazi moja kuu: asichelewe kubadilisha oili. Mambo ya kilomita 100,000 hayamhusu.

Walio na mkanda ni akina nani? Subaru yoyote yenye injini ya EJ, iwe Impreza, Forester au Legacy. Ndizo Subaru ambazo vijana wengi wa mjini huzipenda kwa mlio wake. Zile zilizokuja baadaye na injini za FB zina cheni. Hiace na Prado za dizeli zenye injini za 1KD na 2KD zina mkanda. Land Cruiser ya 1HZ, ile inayopanda milima na kuvuka majangwa, pia ina mkanda. Harrier ya V6 yenye injini ya 1MZ vilevile. Volkswagen Golf za kizazi cha saba, za petroli ya lita 1.2 na 1.4, zina mkanda ingawa kizazi kilichotangulia kilikuwa na cheni. Unaona basi kwamba jina la gari pekee halitoshi. Unahitaji kujua jina la injini.

Kulipata si kazi ngumu. Angalia kibati kilichobandikwa ndani ya boneti, au usome namba ya injini kwenye logibuku. Mara nyingi herufi za kwanza za namba hiyo ndizo jina la injini: 1NZ, 2KD, EJ20 na kadhalika. Ukishapata hilo, tafuta kitabu cha mwenye gari cha injini hiyo, ambacho siku hizi unaweza kukipata kwenye simu, usome wewe mwenyewe. Fundi akikuambia jambo, utakuwa na mahali pa kulipimia.

Kilomita au miaka, kitakachotangulia

Kampuni za magari huweka vipimo viwili vya kubadilisha mkanda: umbali na umri. Kinachofika kwanza ndicho kinachokupeleka gereji.

Kwa magari mengi ya Kijapani, umbali unaojulikana ni kilomita 100,000. Baadhi ya injini, zikiwemo za dizeli za Toyota, zimewekewa kati ya 100,000 na 150,000 kutegemea modeli na nchi gari lilikouzwa likiwa jipya. Kwa upande wa umri, kampuni nyingi huweka kikomo cha kati ya miaka 5 na 10. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Uliza yeyote aliyewahi kuvaa viatu vya zamani vilivyokaa kabatini, akaona soli zikimegeka kabla hajafika steji.

Tazama jinsi vipimo hivi viwili vinavyogawa watu. Tuseme wewe ni dereva wa teksi ya apu na unakwenda kilomita 180 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 4,680 kila mwezi. Utafikisha 100,000 kwa chini ya miezi 22. Mkanda uliofungwa mwaka juzi unaweza kuwa tayari umemaliza kazi yake, na bado unauona moyoni kama kitu kipya kwa sababu risiti haijafifia.

Sasa chukua gari la mzee linalokwenda kanisani, sokoni na mazishini, kilomita 500 kwa mwezi. Ili lifikishe 100,000 litahitaji zaidi ya miaka 16. Mzee akingoja kilomita, mkanda utakuwa umekauka zamani. Kwake miaka ndiyo inayoamua. Kwa hivyo ukirithi gari la baba au la shangazi lenye kilomita chache, usishangilie sana. Uliza mkanda una umri gani.

Kuna jambo lingine ambalo odomita haliandiki, nalo ni foleni. Gari likisimama kwenye jamu huku injini inanguruma, kranki inazunguka takriban mara 700 kwa dakika. Ndani ya saa moja hizo ni mara 42,000, na odomita haijasogea hata kilomita tano. Anayekula jamu ya Nairobi kila siku asubuhi na jioni hafai kusubiri kilomita ya mwisho kabisa ya kikomo. Ni heri atangulie kidogo.

Gari la mtumba na rekodi iliyopotea

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Wauzaji huitaja sheria hii kama dhamana kwamba gari ni jipya jipya. Lakini ihesabu kwa upande wa mkanda: gari lililoshuka bandarini Mombasa likiwa na miaka 7, kama halijabadilishiwa, lina mkanda wa miaka 7. Likikaa hapa miaka mitatu, ule mkanda uko na miaka 10. Kisha likauzwa tena, na tena. Wewe wa tatu kulimiliki unaambiwa "gari iko sawa, ni mafuta tu". Hapo hujaambiwa lolote kuhusu mkanda.

Habari njema ni kwamba mafundi wa Japani wana desturi nzuri. Wakibadilisha mkanda, hubandika stika ndani ya boneti, juu ya kifuniko cha mkanda wenyewe, au kwenye fremu ya mlango wa dereva. Stika huonyesha tarehe na kilomita. Imeandikwa Kijapani, ila ukiielekezea kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri utapata maana.

Chunga miaka tu. Wajapani wengi huandika mwaka kwa enzi ya mfalme wao. Ukiona H27, hiyo ni Heisei 27. Ongeza 1988 upate 2015. Ukiona R2, hiyo ni Reiwa 2. Ongeza 2018 upate 2020. Mtu asiyejua hesabu hiyo anaweza kuona 27 akadhani ni tarehe ya mwezi.

Kama gari lilitoka Uingereza, odomita huhesabu maili. Maili 62,000 ni karibu kilomita 100,000. Aliye na gari la maili 70,000 na anangoja lifike laki moja ameshapitwa na wakati.

Kama hakuna stika, hakuna risiti na muuzaji anazungukazunguka, weka msimamo: mkanda haujabadilishwa. Usimwite mwongo, hakuna haja ya kelele. Mwambie tu kwamba gharama ya kubadilisha inatoka kwenye bei. Muuzaji aliyeubadilisha kweli atakimbia kuleta risiti. Asiye nayo atapunguza bei au atanyamaza, na vyote viwili ni jibu.

Odomita nalo huchezewa. Ukikuta gari la miaka 12 lenye kilomita 68,000 huku usukani umeng'aa kwa kushikwa na mpira wa pedali umeisha, amini pedali. Gari la namna hiyo nalo lihesabu kama lisilo na rekodi.

Macho na masikio hayatoshi

Mafundi wengine hufungua kifuniko, wakaubonyeza mkanda kwa kidole na kutangaza, "Hii bado iko poa." Kuangalia ni vizuri, ila elewa kinaweza kukuambia nini. Ukiona nyufa, meno yaliyomeguka, kingo zilizochanika au mng'ao wa oili, huo umekwisha na hakuna mjadala. Lakini usipoona kitu, hujathibitisha kwamba ni mzima. Mipira inayotengenezwa siku hizi huweza kuonekana safi kwa nje huku nyuzi za ndani zimechoka. Macho yanaweza kuuhukumu mkanda kufa. Hayawezi kuupa cheti cha uhai.

Sauti nazo huchanganya watu. Ule mlio wa "kwiii" unaosikika asubuhi au ukiwasha ac hautoki kwenye mkanda wa taimingi. Huo ni mkanda wa nje, ambao wengi huuita fani belti, unaozungusha altaneta na vitu vingine. Mkanda wa taimingi hauteleziki kwa sababu una meno. Ukisikia mvumo mwembamba au mkwaruzo kutoka nyuma ya kifuniko chake, mara nyingi ni beringi ya tenshona au ya pampu ya maji inayolalamika. Usiipuuze hiyo, kwa sababu beringi ikijam inaweza kuukata mkanda mpya kama ilivyoukata wa zamani.

Baadhi ya Toyota za dizeli zina taa iliyoandikwa T-BELT. Ni msaada mkubwa, ila usiifanye nabii. Taa hiyo haitazami mkanda. Inahesabu kilomita tu, kisha inawaka. Mtu akibadilisha mkanda bila kuirudisha mwanzo, itawaka bure. Na mtu akiirudisha mwanzo bila kubadilisha mkanda, itanyamaza wakati ambapo ingefaa kuwaka.

Wakati mwingine mkanda unaruka jino moja kabla ya kukatika. Gari linakuwa zito, linakohoa, au taa ya injini inawaka na mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha P0016, maana yake kranki na kamshafti hazielewani. Hitilafu hiyo ina sababu nyingine pia, lakini kwenye gari la mkanda, lipaki kwanza mpaka fundi aangalie alama za taimingi.

Vitu vinavyofupisha safari

Kikomo cha kilomita kimewekwa kwa mkanda unaoishi vizuri, na kwetu mikanda mingi haiishi vizuri. Adui wa kwanza ni oili. Sili za kranki na kamshafti zikivuja, oili inaulowesha mpira na kuulainisha mpaka meno yanaachia. Maji ya radieta yanayovuja kwenye pampu hufanya uharibifu kama huo. Injini iliyowahi kuchemka sana nayo imeuoka mkanda pamoja na gasketi. Kifuniko kilichovunjika au kilichofungwa kwa bolti mbili badala ya sita huingiza vumbi na mawe, na ukiendesha barabara za murram unajua vumbi hilo ni la aina gani.

Ukiwa na moja kati ya hayo, usihesabu mpaka 100,000. Rekebisha kinachovuja na ubadilishe mkanda wakati huo huo.

Aliyenunua injini ya mtumba ya kutoka Japani baada ya ile ya kwanza kunoki asikilize hapa. Kabla haijaingizwa ndani ya gari, funga mkanda mpya. Injini ikiwa chini, kazi ni nyepesi na fundi anaona kila kitu. Ikishaingia, utalipa kuifungua tena.

Ukifungua, badilisha vyote

Kazi kubwa ya kubadilisha mkanda ni kuufikia. Mkanda wenyewe ni kipande kidogo cha gharama. Ndiyo maana wenye ujuzi hununua seti nzima: mkanda, tenshona inayoukaza na puli unazopitia. Kwenye injini ambazo mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, kama Subaru za EJ, pampu nayo iingie kwenye orodha. Ongeza sili za oili kama zimeanza kulia jasho.

Kijana anayetaka kuokoa pesa huona tenshona ya zamani "bado inazunguka" akaiacha. Lakini tenshona hiyo imetembea umbali ule ule na mkanda unaotupwa. Ikifa miezi sita baadaye, itakwenda na mkanda mpya, valvu na kazi yote uliyolipia.

Kuhusu spea, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ina kila kitu, cha kweli na cha feki. Majina kama Gates, Bando na Mitsuboshi yanaheshimika, na kwa sababu hiyo hiyo huigwa. Nenda na namba kamili ya injini. Linganisha idadi ya meno na upana na mkanda wa zamani. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye mpira. Ya kweli ni safi na yanasomeka. Bei ikiwa ya chini mno kuliko maduka mengine matatu uliyouliza, jua kuna sababu. Na muuzaji akiukunja mkanda kama mshipi wa suruali ili autie mfukoni, mrudishie huo. Kuukunja kwa nguvu huvunja nyuzi za ndani.

Mkanda uliotumika usifunge hata ukipewa bure.

Hesabu ya senti 30

Wengi wanajua haya yote na bado wanaahirisha, kwa sababu pesa hutoka zote kwa mpigo. Jaribu kuzivunja. Tuseme fundi amekupigia hesabu ya seti, pampu na kazi yake ikafika Sh30,000. Huo ni mfano tu. Gari lako linaweza kuwa chini au juu ya hapo. Gawanya kwa kilomita 100,000. Unapata senti 30 kwa kila kilomita.

Yule dereva wa kilomita 180 kwa siku angehitaji kuweka kando Sh54. Ukinywa chai na chapati mbili kwenye kibanda unaweza kuzimaliza. Akizitia kwenye akaunti ya simu kila jioni kabla ya kugawa hesabu, siku odomita inapofika itamkuta na pesa mkononi. Kama gari si lake, hiki ni kitu cha kuzungumza na mwenye gari mapema: nani analipa, na kilomita ngapi. Mkanda ukishakatika, kila mmoja atamwangalia mwenzake.

Upande wa pili wa mzani ni kufungua kichwa cha silinda, valvu mpya, gasketi, kazi ya mashine, gari la kuvuta, na siku ambazo gari limelala gereji bila kuingiza hata shilingi. Kwa anayeishi kwa gari, hizo siku ndizo huuma kuliko bei ya valvu. Mara nyingine fundi hushauri kununua injini nyingine ya mtumba kuliko kufufua ile, na mkopo wa kwanza haujaisha.

Siku ya kazi

Chagua fundi aliyewahi kufanya injini ya aina yako, na usione haya kumwuliza alifanya ngapi. Kazi hii ni ya kulinganisha alama. Jino moja likikosewa, gari litatetemeka na kula mafuta. Mengi yakikosewa, pistoni na valvu zitakutana siku ya kwanza.

Ukiweza, kuwepo. Baada ya mkanda kufungwa na kabla ya kuwasha, fundi anafaa kuzungusha kranki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha aangalie kama alama zote zimerudi mahali pake. Akihisi kitu kimegota, anasimama. Ni dakika chache tu. Fundi anayeruka hatua hiyo na kukimbilia ufunguo anabahatisha kwa injini yako.

Omba vipuri vya zamani uvione. Piga picha ya odomita na ya risiti. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye stika, uibandike ndani ya boneti kama wafanyavyo Wajapani. Siku ukiuza gari, stika hiyo na risiti yake vitazungumza kwa niaba yako.

Ukikatika kabla hujajipanga

Gari likizima ghafla njiani na ukizungusha ufunguo injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina kitu ndani, acha hapo hapo. Usiombe watu wakusukume. Usiendelee kujaribu stata eti itashika. Kila mzunguko unaweza kupinda valvu nyingine iliyokuwa imenusurika. Tafuta gari la kuvuta, na ukifika gereji mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda kabla ya kukuuzia injini mpya. Kuna injini zinazoponea.

Wewe ambaye halijakukuta bado, leo jioni ukipaki, fungua boneti. Tafuta jina la injini, kisha tafuta stika. Kama ni cheni, lala usingizi na ukumbuke oili. Kama ni mkanda na stika ipo, toa hesabu. Kama ni mkanda na hakuna maandishi popote, basi kesho una simu ya kumpigia fundi.